UZI: Moteli na migahawa ya barabarani ya Marekani, ilivyovuma, ilivyokufa na nani ameshika funguo za zilizobaki

Mzee wa Tairi 18 (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, naendesha semi huku Marekani mwaka wa 7 sasa, kwetu Muheza. Juzi gari imenizimikia kaskazini mwa Texas, tabo imekufa, fundi anasema kipuri kinakuja baada ya siku 2, basi nikavuta begi langu mpaka kwenye moteli kizee iko jirani na gereji. Kwa kawaida nalala ndani ya kichwa cha gari, kuna kitanda na friji, moteli ya nini. Ila hizi siku 2 nimekaa hapa natazama dirisha nikaona bora niwaletee uzi, kwa sababu kitu nilichokiona mapokezi usiku ule kimenifanya nianze kuyapanga yote niliyokuwa napita nayaona tu miaka 7 bila kuyaelewa.

Kwanza tuelewane moteli ni nini. Sisi tuna gesti, unaingia mlango mkubwa, koridoo, chumba namba 9 mwishoni karibu na choo. Moteli ni gesti ambayo gari lako linalala mlangoni. Vyumba vimepangwa mstari mmoja kama nyumba za reli, mlango unafunguka moja kwa moja nje kwenye maegesho, unashusha begi hatua 3 uko kitandani. Neno lenyewe lilibuniwa San Luis Obispo, California, mwaka 1925, msanifu Arthur Heineman akaunganisha mota na hoteli. Kabla ya hapo mtu mwenye gari akisafiri alikuwa anapiga hema shambani kwa watu au anakwenda hoteli ya mjini akiwa amejaa vumbi watu wanamwangalia.

Sasa chukua Route 66, ndiyo iliyobeba sifa zote. Ilipewa namba 1926, Chicago mpaka Los Angeles, baadaye ikasogezwa mpaka Santa Monica, maili 2,448, yaani kama kilomita 3,940. Ilikuwa inapita KATIKATI ya kila mji. Hapo ndipo siri yote ilipo wakuu, barabara inapita mbele ya duka la mtu, mbele ya kanisa, mbele ya mgahawa, kwa hiyo mama yeyote mwenye jiko na mzee yeyote mwenye kiwanja alikuwa na biashara. Na kwa kuwa dereva anapita kwa spidi, ilibidi umkamate jicho, ndiyo maana kukawa na taa za neoni kubwa kuliko nyumba yenyewe, na vituko kama Wigwam Motel ya Holbrook, Arizona, 1950, ambayo vyumba vyake ni mahema ya Wahindi Wekundu yaliyojengwa kwa zege, unalala ndani ya pia. Bado ipo, nimepita nayo mara nyingi, semi haiingii pale.

Naendelea, ngoja nikachukue maji ya moto.

BintiPangani

Nimekaa mkao wa kula. Muheza oyee.

Kamanda wa Zamu

Mkuu weka picha basi, uzi wa majengo bila picha ni kama kwenda msibani bila kanga.

Mzee wa Tairi 18

Picha mtandao wa hapa haupandishi mkuu, vumilia, nitawaeleza kwa mdomo.

Upande wa chakula mfalme alikuwa Howard Johnson. Huyu jamaa alianza 1925 na kaduka ka dawa na soda kule Quincy, Massachusetts, akagundua watu wanafuata aiskrimu kuliko dawa, akaongeza mafuta ya maziwa, akaja na ladha 28, na hiyo namba 28 ikawa ndiyo nembo. 1935 akaanza kuwapa watu wengine jina lake wafungue, yeye anawauzia chakula. 1940 barabara ya kulipia ya Pennsylvania ikafunguliwa na yeye ndiye akapewa migahawa ya humo ndani, sasa piga hesabu, uko kwenye barabara ya kulipia huwezi kutoka hovyo, una njaa, watoto wanalia, mbele unaona paa la rangi ya chungwa. Unaingia. Paa lile lilichaguliwa makusudi lionekane kwa mbali.

Na ujanja wake mkubwa ulikuwa jikoni. Chakula kilipikwa kwenye majiko makubwa ya kati, kikagandishwa, kikasambazwa kwa malori, kwa hiyo vipande vya kombe vya kukaanga utakavyokula Maine ndivyo utakavyokula Florida. Leo tunaona kawaida, enzi hizo mgahawa wa barabarani ulikuwa bahati nasibu ya tumbo. Jamaa alifika mahali akaajiri wapishi wa Kifaransa, Pierre Franey na Jacques Pépin, na huyu Pépin alikataa kwenda kumpikia Kennedy Ikulu akaenda kuonja supu za Howard Johnson. Sio utani. Miaka ya 70 walikuwa na migahawa zaidi ya 1,000, na moteli zao juu, ya kwanza Savannah, Georgia, 1954.

Imebaki mingapi? Sifuri. Bangor, Maine, ulifungwa 2016, wa mwisho kabisa Lake George, New York, 2022. Jina limebaki kwenye hoteli tu, inamilikiwa na kampuni nyingine kabisa. Lakini mapaa yapo wakuu! Ukishajua umbo lake huwezi kuacha kuyaona, paa limepigwa rangi ya bluu wameweka duka la magodoro, lingine ni zahanati ya meno. Mimi huwa nahesabu njiani kama mtoto anahesabu magari mekundu.

Kibopa Mstaafu

Kilichowaua ni nini hasa? Maana chakula kizuri, jina kubwa, barabara wanayo.

Mzee wa Tairi 18

Swali zuri mkuu, na majibu ni mawili tofauti usiyachanganye.

Howard Johnson's aliuawa na wenye chakula cha haraka, McDonald's na wenzake ambao hawana haja ya mhudumu wala sahani. Mwana alipochukua kutoka kwa baba akaanza kubana matumizi, 1973 bei ya mafuta ikapanda dunia nzima safari zikapungua, kisha kampuni ikauzwa kwa Waingereza, 1985 ikauzwa tena, wakaigawana kama nyama ya mnada.

Ila wale wadogo, mama na baba wenye vyumba 12, waliuawa na barabara yenyewe. 1956 Rais Eisenhower alisaini sheria ya barabara kuu mpya, maili 41,000 nchi nzima. Hizi ndizo ninazoendesha mimi. Hazipiti mjini, zinapita pembeni, huwezi kusimama popote, unatoka kwenye njia maalum ya kutokea tu, na sheria inakataza kuweka biashara ndani ya eneo la barabara isipokuwa zile za kulipia zilizokuwepo tangu zamani. Kwa hiyo mji wote wenye moteli 30 unabaki na njia 2 za kutokea, na kiwanja cha pale kwenye njia kinanunuliwa na kampuni kubwa wanasimamisha bango refu kama mnara wa simu. Wewe wa katikati ya mji unabaki na neoni yako unawaka mwenyewe. Mji wa mwisho wa Route 66 kuchepushwa ni Williams, Arizona, Oktoba 1984, mwaka uliofuata namba yenyewe ya 66 ikafutwa.

BintiPangani

Kumbe hata barabara inavunja nyumba kwa sababu ya mchepuko 😂😂

Mzee wa Tairi 18

😂 Dada umemaliza. Na mchepuko wenyewe una njia 4.

Hapa nilipo upande wa magharibi ndiko ilikovunjika kweli kweli. Kuna kijiji kinaitwa Glenrio kwenye mpaka wa Texas na New Mexico, kulikuwa na moteli bango lake upande mmoja limeandikwa moteli ya kwanza Texas na upande wa pili moteli ya mwisho Texas, inategemea unatoka wapi. Leo kuta, majani na mbwa. I-40, moja ya hizo barabara kuu mpya, inapita hapo karibu, unaona magofu kwa sekunde 20 yamekwisha. Mbele kama kilomita 65 ni Tucumcari, huu mji uliweka mabango barabara nzima mamia ya kilomita ukijisifu una vyumba 2,000 vya moteli. Mji wenyewe mdogo unaweza kuuzunguka kwa baiskeli! Wenyeji waliishi kwa kukulaza wewe.

Pale ndipo ilipo Blue Swallow, ya 1939, neoni ya mbayuwayu wa bluu, na kila chumba kina gereji yake ndogo ubavuni. Mama mmoja anaitwa Lillian Redman aliishika kuanzia 1958 mpaka 1998. Miaka 40 anagawa funguo. I-40 ilipowachepusha wengine wakafunga, yeye akakaa. Hiyo ni moja ya chache ambazo leo watu wanatoka Ulaya kuja kulala makusudi, bei imepanda, unabuku mapema. Nyingi ya zilizobaki hazina bahati hiyo, ukiona moteli kizee ina gari lenye vumbi kila mlango na baiskeli za watoto nje, ujue wanalipa kwa wiki, wamekosa nyumba wanaishi humo.

Mtito Boy

Kaka mimi ni wa Mtito Andei, hii story naijua bila kufika Marekani. Mabasi ya Nairobi Mombasa yalikuwa yanasimama kwetu usiku kucha, chai, chapo, nyama, vyumba vimejaa. 2017 treni ya SGR ikaanza, kontena nazo zikapanda reli, mashangazi zangu wakaanza kuhesabu viti vitupu. Nani alituuliza?

Mzee wa Tairi 18

Hamuulizwi kaka. Ila kuna mmoja alichepushwa akatajirika, na nyie wa Nairobi mnakula kuku wake.

Harland Sanders, yule mzee wa ndevu na suti nyeupe. Huyu alikuwa na mgahawa na moteli Corbin, Kentucky, kwenye barabara ya zamani ya US 25. Na alikuwa mjanja, alijenga mfano wa chumba cha moteli NDANI ya mgahawa, njiani kuelekea choo cha wanawake, kwa sababu alijua mama ndiye anayeamua familia italala wapi, mama akienda kujisaidia anaona shuka safi na bafu, anarudi mezani anamwambia mzee tunalala hapa. Chumba hicho bado kipo, sasa ni makumbusho na unaweza kula kuku humo humo. Basi ikatangazwa I-75 itapita pembeni, thamani ya biashara ikaporomoka, 1956 akauza kwa mnada, akalipa madeni, akabaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi na jiko la presha kwenye buti la gari. Miaka 65 na ushee. Akaanza kuzunguka migahawa ya watu akiuza namna ya kukaanga kuku. KFC unayoipiga picha ya bethidei ni yatima wa moteli.

Kamanda wa Zamu

Hii nondo. Ila mkuu hebu niulize kitu, hizo enzi za neoni na aiskrimu ladha 28, mtu mweusi alikuwa analala wapi?

Mzee wa Tairi 18

Nilikuwa naisubiri hiyo. Hawa watu wanaokuja kupiga picha Route 66 na magari ya zamani huwa hawaulizi.

Alikuwa analala kwenye gari. Au anaendesha usiku kucha. Au ana kitabu cha Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem aliyeanza 1936 kuchapa orodha ya mahali ambapo mweusi atapokelewa, nyumba kwa nyumba, saluni, sheli, vyumba. Familia ya weusi ikisafiri ilibeba chakula, maji na kopo la kujisaidia, maana sheli inakuuzia mafuta halafu inakunyima choo.

Na haikuwa kwa Wamarekani weusi peke yao. Oktoba 1957 waziri wa fedha wa Ghana, Komla Gbedemah, nchi yao ina miezi 7 ya uhuru, yuko njiani anasimama Dover, Delaware, anaingia Howard Johnson's, hao hao wa paa la chungwa, anaagiza juisi ya machungwa. Anaambiwa juisi utauziwa ila huwezi kukaa humu kunywa. Waziri! Mtu ambaye miezi michache nyuma amemkaribisha Nixon, makamu wa rais, Accra! Akaacha juisi na chenji yao akawaambia hamjasikia mwisho wa hili. Gazeti likaandika, dunia ikajua, Eisenhower ikabidi amwalike Ikulu kwa kifungua kinywa. Nimewahi kupita Dover nikalitafuta jengo lile kwa macho, sikuliona.

1961, mwaka wetu wa uhuru Tanganyika, ikawa zaidi. Mabalozi wapya wa Afrika walikuwa wanashuka kwa gari kutoka Umoja wa Mataifa New York kwenda Washington kupitia barabara ya Route 40, Maryland, na migahawa ya njiani inawafukuza. Balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alinyimwa kahawa. Serikali ya Kennedy ikaunda kitengo kizima cha kuwabembeleza wenye migahawa, lakini Kennedy mwenyewe kwanza aliuliza kwa nini hawa mabalozi wasipande ndege.

Halafu waandishi 3 weusi wa gazeti la Baltimore wakafanya kitu kimoja nakipenda sana, wakakodi mavazi na gari la kifahari wakajifanya waheshimiwa kutoka nchi inaitwa Goban. Hakuna nchi hiyo duniani. Baadhi ya migahawa ikawahudumia kwa heshima zote! Yaani mweusi wa Baltimore hapana, mweusi wa nchi isiyokuwepo karibu mheshimiwa.

BintiPangani

Goban 😭😭 ningekuwa mimi ningeomba na viza ya kwenda huko.

Kibopa Mstaafu

Iliisha lini rasmi?

Mzee wa Tairi 18

Julai 1964, sheria ya haki za kiraia. Na kesi ya kwanza kubwa ya kuipinga ililetwa na mwenye MOTELI. Heart of Atlanta, vyumba 216, mwenyewe ni mwanasheria akasema mali yangu, sitaki weusi. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani Desemba mwaka huo ikamwambia robo tatu ya wageni wako wanatoka majimbo mengine, uko kwenye biashara ya kati ya majimbo, serikali ina mamlaka juu yako. Yaani barabara iliyomletea wateja ndiyo iliyomfunga. Lile jengo limevunjwa, pamekaa hoteli kubwa.

Lorraine ya Memphis nadhani wote mnaijua, moteli ya mume na mke weusi, chumba 306, balkoni, 4 Aprili 1968, hapo ndipo Martin Luther King alipopigwa risasi. Ile haijavunjwa, ni makumbusho tangu 1991, na bango lake la nje liko vile vile. Nimesimama pale chini nikaangalia juu, magari ya zamani yameegeshwa mlangoni kama wageni wameingia sasa hivi. Sikuongea na mtu.

Sasa nilichokiona mapokezi.

Usiku ule naingia nimechoka, mafuta ya gari mikononi, simu sikioni naongea na mama Muheza, kule asubuhi imeingia. Nikasema "shikamoo mama." Sauti nyuma ya kaunta ikajibu "MARAHABA!"

Nikageuka. Mzee wa Kihindi, sweta, miwani imefungwa kamba. Ananicheka. "Wewe mtu ya wapi? Tanga? Mimi mtu ya Jinja." Kiswahili cha dukani kile, lakini kinatembea.

Kamanda wa Zamu

Mkuu hapa sasa umeanza kutunywesha chai. Tena yenye tangawizi. Mhindi wa Jinja Texas anajibu marahaba usiku wa manane?

Mzee wa Tairi 18

Subiri kwanza kabla hujanipeleka kwa mods. Nenda kaangalie nani anamiliki moteli za Marekani. Karibu nusu ziko mikononi mwa watu wa asili ya India, wengi Wagujarati, jina Patel kila kaunta. Walianza kidogo kidogo California miaka ya 40, lakini kundi likaja miaka ya 70, na humo wamo waliofukuzwa na Amin 1972, siku 90 toka nchini, na wengine wa Kenya na Tanzania walioona upepo unakoelekea. Kwa nini moteli? Unganisha na niliyosema juu. 1973 mafuta yamepanda, barabara mpya imezichepusha, wazungu wazee wanauza kwa bei ya kutupa. Mtu aliyepoteza duka Uganda anapata kwa mkupuo mmoja biashara NA nyumba ya kuishi, familia inalala nyuma ya mapokezi, mke anafua shuka, watoto wanapanga taulo, hakuna mshahara wa kulipa.

Na wao walionyeshwa mlango vile vile. Benki na bima ziliwakatalia mpaka wakaanzisha chama chao Atlanta 1989. Washindani wakaweka mabango nje, "inamilikiwa na Mmarekani." Mzee ananiambia moteli ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na bango hilo, akanionyesha kwa kidole dirishani. Sasa ni kiwanja, kimebaki kisahani cha zege cha bwawa la kuogelea na majani yameota katikati.

Yeye alitoka Jinja kijana, akapita Uingereza miaka kadhaa, baridi ikamshinda, binamu akamwita huku. Moteli hii ilijengwa miaka ya 50 na mzungu mmoja na mkewe, picha yao ameiacha ukutani mapokezi, karibu na Ganesha, yule mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo. Funguo bado ni za chuma, na kitanda cha chumba namba 4 kina kile kisanduku cha kutumbukiza senti 25 kitanda kitetemeke, hakifanyi kazi tangu hajui lini. Watoto wake ni madaktari Houston, hakuna anayeitaka. Nikamuuliza utamwachia nani, akainua mabega akasema "barabara itajua."

Mtito Boy

Eish. Mwambie mzee kuna vyumba Mtito bei nafuu 😅

Kamanda wa Zamu

Haya nimekuelewa, nafuta kauli. Swali la mwisho: mtu wa nyumbani, alikupunguzia bei angalau?

Mzee wa Tairi 18

Hata senti. Dola 62 kwa usiku, nimelipa zote na kodi juu. Ila leo saa 12 asubuhi amegonga mlango ameshika vikombe 2, maziwa na majani yamechemshwa pamoja, sio kile kifuko cha uzi cha huku, tukakaa nje kwenye viti vya plastiki tukiangalia malori yanavyopita I-40. Kwa hiyo mkuu kwenye tangawizi hukukosea, ilikuwemo. Fundi kapiga, kipuri kimefika.